Mpiga besi, jifunze umbali wa sauti, usikariri namba

Kwenye kwaya zetu za vijijini, kuanzia Ugalla hadi Mpanda mjini, mara nyingi mwimbaji ndiye anayeanzisha wimbo. Leo anaanzia juu, Jumapili ijayo mafua yamembana, anaanzia chini. Mpiga besi aliyekariri kwamba "wimbo huu ni nafasi ya tatu" anapotea hapo hapo, na kwaya nzima inayumba naye.

Dawa yake ni kujua umbali kati ya sauti na sauti. Mwanakwaya tayari anaujua kwa mdomo: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Kilichobaki ni kuuona kwenye nyuzi.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Kuanzia ule mnene kabisa ni E, A, D na G. Vyuma vidogo vilivyokatiza shingo ya gitaa vinaigawa kwa nafasi, na kila nafasi ni nusu toni.

Bonyeza uzi mnene kabisa, nafasi ya tatu. Hiyo iwe do. Sasa tafuta:

- Mi: uzi unaofuata, rudi nafasi moja.
- Fa: uzi unaofuata, nafasi ileile.
- So: uzi unaofuata, songa mbele nafasi mbili.
- Do ya juu: ruka uzi mmoja, songa mbele nafasi mbili.

Hamishia do nafasi ya tano, kisha rudia. Vidole vinafuata njia ileile, kwa sababu kila uzi umepishana na jirani yake kwa nafasi tano.

Anza na do, fa na so, maana nyimbo nyingi za kwaya zinabebwa na hizo tatu. Imba sauti kwanza, ndipo uipige. Kama hakuna umeme, egemeza kichwa cha gitaa kwenye meza au mlango wa mbao, utasikia vizuri.

Ukisikiliza nyimbo za zamani, kama za Tabora Jazz, kwenye simu, vaa spika za masikioni. Spika ndogo ya simu inameza besi.

Siku mwimbaji akianzia popote, tafuta do yake tu. Nyingine zote utazikuta zinakusubiri palepale.