Sainte Barbe: siku moja kando ya mbabula za Likasi

Siku ya 4 Desemba ni siku yetu, sisi watu wa mgodi. Kwa Wakatoliki ni sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wale wenye kufanya kazi na moto, baruti na mawe. Lakini hapa kwetu Katanga, hata mwenye hasali Kikatoliki akisikia «Sainte Barbe» anaelewa. Misa inasomwa, wakubwa wanasema maneno yao, kisha watu wanatoka ku barabara kula. Juu ya misa na hotuba, magazeti yanaandika kila mwaka. Juu ya mama mwenye kupuliza moto tangu mbele ya jua kutoka, hakuna mwenye kuandika. Yeye njo tunataka kuandika leo.

Mwaka huu tulipatana rafiki sita: watatu wa Lubumbashi, wawili wa Kolwezi, na moja wa Likasi mwenyewe. Tulichagua Likasi juu iko katikati: kutoka Lubumbashi ni karibu kilometa 120, kutoka Kolwezi karibu 180. Wote sita tumekwisha kuwa wajumbe wa wafanyakazi, kila mtu kwa wakati wake. Tulifanya agano moja: hatuingii mu restora yenye kitambaa ku meza. Tunakula paka kando ya barabara, na kila mwenye kutupikia tunamuuliza: mama, kazi inaendaje?

Samaki yenye kuzaliwa na umeme

Wale wa Lubumbashi walianza kula mbele ya kufika. Mwenye kupita ile barabara anajua Kapolowe-Gare. Gari haijasimama vizuri, wamama wamekwisha kujaa ku dirisha, masinia juu: makobo, kambale, samaki ya kukaanga, samaki ya moshi. Unalipa, wanakufungia mu karatasi, unakula na vidole, mifupa unatupa ku dirisha. Ukifika Likasi mikono bado inanuka, na hakuna mwenye kukusemea kitu.

Ile samaki inatoka mu ziwa Tshangalele. Vijana wengi wanafikiri Mungu aliiweka pale tangu mwanzo. Hapana. Zamani ulikuwa mto Lufira tu. Maji ilipanda na kuenea wakati ukuta wa Mwadingusha ulimalizika mwaka 1930, juu ya kupatia migodi na viwanda umeme. Ni kusema samaki ya Kapolowe ni mtoto wa mgodi. Na mgodi unaweza pia kuiharibu: maji ya Likasi inashuka mu Panda, Panda inaingia mu Lufira, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekwisha kukuta metali ndani ya samaki ya ile ziwa. Tulimwambia mama mwenye kutuuzia. Akacheka: «Bababa, ile maneno muulize ku bakubwa yenu, hapana ku sahani yangu.» Alikuwa na haki.

Mbabula karibu na Kikula

Likasi, mwenzetu alitupeleka mu barabara za pembeni ya Kikula. Desemba ni wakati wa mvua, na ile saa ilikuwa imenyesha kidogo. Wamama walivuta mbabula chini ya mabati na chini ya parasoli, moshi ikabakia chini. Tulianza na bitumbula za moto na chai. Nyuma yake wa Kolwezi waliona vinkubala vya kukaangwa na chumvi na pilipili, hatukuwaona tena kwa dakika makumi mawili.

Mvua njo inaleta bowa, ndiyo uyoga. Wanauza kwa mafungu, na kuko ile ya kichuguu yenye kofia pana kupita sinia. Moja inatosha nyumba nzima. Mama moja aliipika na karanga ya kusaga. Tulinyamaza wote sita, na sisi si watu wa kunyamaza.

Tulikula pia kikanda. Watoto wanaiita nyama, lakini hakuna nyama ndani: ni viazi vidogo vya maua ya pori, wanavitwanga, wanapika na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka inakuwa ngumu, kisha wanakata kipande kwa kipande. Mwenye kuuza alituambia leo wachimbaji wake wanakwenda mbali kupita zamani, juu ukichimba kiazi, ua limekufa. Sisi wenye kuchimba shaba tulimwelewa haraka.

Munkoyo tulikunywa mu kikombe cha plastiki. Pale ugomvi ulianza: wa Lubumbashi wanasema michopo ya kwao haina ndugu, wa Kolwezi wanasema mbuzi ya Lubumbashi ni kitunguu mingi kupita nyama. Hatukumaliza ile shauri mpaka magaribi, na michopo ya Likasi ilifika mu karatasi ya kaki ikawanyamazisha wote.

Kaye ya deni

Lakini chakula cha katikati ya siku njo kilitufundisha zaidi. Tulikula bukari na lengalenga na thomson kwa mama moja mwenye kupika karibu na lango la kiwanja cha kazi. Sufuria yake ilikuwa ndogo. Tulimuuliza kwa nini, ku siku kubwa sawa hii. Alitoa kaye chini ya meza, akaifungua. Majina, majina, kurasa tatu. Wote ni vijana wa kampuni moja ya kukodisha wafanyakazi, yenye kufanya kazi ndani ya kiwanja cha kampuni nyingine kubwa. Miezi miwili hawajalipwa.

«Benye deni bote niko nabajua,» akasema. «Nikikatala kubapa, banaingia kazi na njaa, na kule kuko mashini. Nikibapa, mie njo nakufa.»

Alitufanyia hesabu. Zamani alikuwa anauziwa unga kwa mfuko wa kilo 25. Sasa falanga imebakia mu kaye, anauziwa kwa meka, na meka kwa meka mfuko unatoka bei kali. Makala vilevile: mwenye falanga ananunua gunia, mwenye hana ananunua kifungu. Ni kusema mwenye maskini analipa zaidi juu ya kitu kile kile. Bwana mkubwa mwenye kuchelewesha mshahara hajui ile mama. Lakini amekwisha kukopa falanga yake bila kumuuliza, na bila faida.

Hii si habari mpya mu Katanga. Wakati wa Union Minière, mfanyakazi alikuwa anapata posho: unga, mafuta, samaki, vyote vilipimwa. Posho ilifunga mtu ku kampuni, lakini sufuria ilijulikana. Mu Desemba 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda na mshahara ulibakia chini. Wafanyakazi waliacha kazi hapa Likasi, wakati ule Jadotville, na Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Siku ya 9 Desemba askari walipiga watu risasi ku kiwanja cha mpira Lubumbashi, na Léonard Mpoyi alikufa pale. Hao wazee walikuwa wanaomba nini? Mshahara wenye kufika ku soko. Ni siku tano paka nyuma ya Sainte Barbe, na wengi wetu hatuikumbuke.

Kisha ilikuja mwaka 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kazi na ule mpango wenye kuitwa kuondoka kwa hiari. Mu nyumba nyingi za wafanyakazi, falanga ya baba ilipomalizika, mama alitoa mbabula ku barabara. Bitumbula vililipa masomo. Wainjinia wengine wa leo walikulia mu ile moshi.

Na unga wetu hautoke hapa wote. Mwingi unaingia na Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, na bukari yetu ikategemea mvua ya inchi nyingine. Mwenye kupandisha bei ya sahani si mama. Yeye ni wa mwisho mu mulolongo, na yeye njo tunamgombeza.

Tufanye nini

Pale pale, juu ya ubao wa kukalia, tulizungumza sisi sita. Tunaweka hapa mambo matatu yenye tulipatana.

La kwanza ni letu, halina haja ya mkubwa. Siku ya mshahara, kaye ya mama inalipwa mbele ya bia. Mbele ya Simba, mbele ya Tembo, mbele ya kupigia shemeji simu. Falanga ya ile sahani imekwisha kuliwa, haiko yetu tena.

La pili ni la wajumbe. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema mshahara ulipwe kwa wakati wenye kujulikana, bila kupita mwezi moja. Kijana wa kampuni ya kukodisha analindwa na kanuni ile ile. Tukikaa ku meza ya mazungumzo, tusilete paka karatasi za mishahara. Tulete na kaye. Tuonyeshe bei ya sahani moja ya bukari ku lango, tuipige mara siku za kazi, mara watu wa nyumba. Mkubwa anaweza kubisha hesabu ya sindika. Hesabu ya sufuria ni nguvu kubisha.

La tatu: maji safi, bati, na pahali pa kunawa mikono karibu na lango. Kampuni yenye kuweka bati juu ya gari za wakubwa inaweza kuweka bati juu ya wenye kulisha wafanyakazi wake. Ni kitu cha kuomba kwa heshima, na kuomba tena wakikataa.

Yule mama hatukumpa hotuba. Tulilipa sahani zetu sita, na mwenzetu wa Likasi aliandika majina ya wale vijana, na ruhusa yao, juu ya kupeleka shauri lao kwa mkaguzi wa kazi ile juma yenye kufuata.

Mwaka ujao, 4 Desemba, tutapatana Kolwezi. Mwenye jina lake liko mu kaye ya mama yeyote, alilipe mbele ya ile siku.