Gari la mteja ni amana, na daftari ndilo shahidi

Kuna msiba ambao wakazi wa mitaa ya mafundi wanaufahamu vyema. Mwenye gereji amefariki ghafla. Maziko yamepita, hitima imesomwa, watu wameondoka mmoja mmoja. Lakini barazani wamebaki wanaume watatu wasioondoka. Si kwamba hawana adabu, bali kila mmoja ana neno lake. Wa kwanza gari lake liko uani kwa marehemu, injini imefunguliwa na vipande vimo ndani ya karai. Wa pili alitoa pesa za spea wiki iliyopita, na spea hazionekani. Wa tatu ni muuza spea, naye anadai. Mjane yumo ndani, amekaa eda. Mtoto mkubwa ameitwa barazani, naye hana la kujibu, kwa kuwa mambo yote hayo baba yake aliyaweka kichwani, na alichokijua amekwenda nacho.

Surat An-Nisaa inapopanga mafungu ya mirathi, inarudia kutukumbusha kwamba mafungu hayo yanagawanywa baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Mayatima basi watangoje. Lakini deni litalipwaje iwapo hapana anayejua ni kiasi gani, na nani mkweli kati ya wanaodai?

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu gereji, na tumeanza na msiba kwa makusudi. Vijana wetu wengi wanaingia katika ufundi wa magari, na wazazi wanawaunga mkono kwa kuwauzia hata kiwanja ili wanunue zana. Wanaambiwa wajifunze kufunga injini, na ni kweli wajifunze. Wanachokosa kuambiwa ni kwamba gereji nyingi hazifi kwa kukosa wateja wala ujuzi. Zinakufa kwa sababu mwenyewe hatenganishi pesa yake na amana za watu.

Kazi ipo

Tutazame Makorora, katika Jiji la Tanga. Tanga ni mji wa ufundi tangu zamani: reli ya kwenda bara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na chuma kimekuwa sehemu ya maisha ya mji huu tangu hapo. Leo njia zinazotoka mjini zinaelekea Muheza na Segera, Pangani, na Horohoro kwa wanaokwenda Mombasa. Magari yanayopita humo mengi ni yaliyokwisha kutumika Japani kabla hayajafika kwetu. Yakifika, upepo wa bahari wenye chumvi unaanza kula bodi, na mashimo ya njia za mitaani yanamaliza bushi na shokapu. Siku za kukaribia Idi, kila mwenye gari anataka safari, na foleni inajaa kwa fundi.

Katika mitaa kama hii, gereji ya mtu binafsi mara nyingi ni uwanja wa wazi, kivuli cha mti au bati chache, sanduku la spana, jeki, na vijana wawili watatu wanaojifunza kazi. Gharama ya kuanza si kubwa mno na kazi haikosekani. Hata hivyo wapo mafundi hodari wenye miaka 20 kazini ambao uwanja wao ni ule ule na deni lao dukani ni lile lile. Kwa nini?

Spea ya gari la jana kwa pesa ya gari la leo

Tuchukue mfano. Jumatatu mteja analeta gari na kuacha shilingi 400,000 za klachi na shokapu. Jioni hiyo nyumbani kuna ada ya shule. Fundi anachukua 150,000 akijiambia kwamba atarudisha. Jumatano anakuja mteja wa pili na kuacha 300,000 za kukarabati breki. Fundi anatoa humo 150,000 ili amalizie gari la kwanza. Sasa breki za mteja wa pili zimepungukiwa, naye atangoje mteja wa tatu. Mteja wa tatu akichelewa, simu zinaanza kulia.

Hapo ndipo neno tukufu la in shaa Allah linapogeuzwa kuwa pazia. "Kesho, in shaa Allah." Kesho inafika, na spea haijanunuliwa. Mtume (s.a.w.) ametutajia alama tatu za mnafiki: anapozungumza husema uongo, anapoahidi huvunja, anapoaminiwa hukhini. Fundi huyu hakukusudia unafiki. Alitaka tu mtoto wake asirudishwe shule. Lakini gereji isiyo na daftari inaweza kumkusanyia zote tatu juu ya gari moja, na familia yake ikala amana ya mtu bila kujua.

Kibiashara nako ni hasara tupu. Gari lililokwama linachukua nafasi uwanjani, mteja aliyezungushwa harudi, na fundi anafanya kazi mchana kutwa kulipia jana.

Madaftari matatu

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Inaelekeza deni la muda liandikwe kwa uadilifu, liwe dogo au kubwa, na watu wasichoke kuandika. Fundi anayeona haya kuandikiana na rafiki yake, akidhani ni kumvunjia uaminifu, aizingatie aya hiyo. Madaftari matatu ya kawaida, ya dukani, yanamtosha.

La kwanza ni la magari. Kila gari linaloingia lina ukurasa wake: tarehe, namba ya gari, kilomita zilizosomwa, mafuta yaliyomo, vitu vilivyoachwa ndani, ugonjwa aliousema mteja, bei ya ufundi iliyokubaliwa, na siku ya kumaliza. Wote wawili wanatia saini. Likizuka jambo jipya baada ya kufungua, mteja anapigiwa simu kwanza na mapatano mapya yanaandikwa.

Ukurasa huo una uzito wa kisheria pia. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi anayehudumia watu mbalimbali ni mwaminiwa: halipi kilichoharibika mikononi mwake ila ikithibiti uzembe au kuvuka mipaka. Wamalik wao humdhaminisha fundi ili mali za watu zisipotee, na mfano wa hukumu hiyo umepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.). Kwa kauli yoyote, likitokea la kutokea, swali la kwanza litakuwa gari lilipokelewa likiwa katika hali gani. Ukurasa ule ndio shahidi wa pande zote mbili.

La pili ni la amana. Humo zinaandikwa pesa za spea tu: fulani ametoa kiasi gani, kimenunuliwa nini, risiti iko wapi, chenji ni ngapi. Pesa zenyewe zikae mahali pake, kwa mfano katika laini ya pili ya simu isiyotumika kwa jambo jingine lolote. Gari likikabidhiwa, mteja apewe risiti pamoja na spea iliyotolewa, hata kama ataitupa.

La tatu ni la gereji yenyewe: ufundi uliolipwa na matumizi yote, hadi sabuni ya kunawia mikono. Daftari hili lina manufaa hata mbele ya mamlaka ya kodi. Katika viwango vya kodi ya makadirio vilivyotumika miaka ya karibuni, mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu amekuwa akilipa pungufu kuliko asiyekuwa nazo.

Bei ya saa moja

Mafundi wengi wanapanga bei kwa kumtazama mteja usoni au kwa kusikia jirani anatoza ngapi. Daftari la tatu linampa mtu njia bora. Tuseme gereji ina mwenyewe na mafundi wawili. Kwa mwezi kodi ya eneo ni 150,000, umeme na maji 60,000, mlinzi 150,000, mafundi wawili 600,000, zana zinazochakaa 80,000, leseni na kodi 60,000, na ujira wa mwenye gereji 500,000. Jumla ni shilingi 1,600,000.

Watu watatu wakifanya kazi saa 8 kwa siku 25, zinapatikana saa 600. Lakini si zote zinazolipwa. Ziko za kufuata spea, za kungoja, za mvua. Tuseme nusu tu, saa 300, ndizo zinazoingia katika kazi ya mteja. Gawa 1,600,000 kwa 300: kila saa inaigharimu gereji kama shilingi 5,300. Kazi ya klachi ikichukua saa 6, gharama yake ni kama 32,000 kabla ya faida. Anayeifanya kwa 25,000 amemlipa mteja 7,000 ili amfanyie kazi, na hajui.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake. La kuzingatia ni kwamba ujira wa mwenyewe umo ndani ya hesabu. Akijipangia ujira, na mama watoto akaujua, nyumba inaishi kwa kiasi hicho, na ada ya shule inawekewa akiba humo. Mkono hauendi tena kwenye daftari la pili.

Suala la "cha juu"

Lipo jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona. Fundi anatumwa kununua spea, duka linamuuzia kwa 80,000, naye anamwambia mteja ni 100,000. Hicho ndicho kinachoitwa "cha juu", na wengi wanakiona ni haki ya mtembezi.

Tutenganishe hali mbili. Ikiwa fundi ametumwa kwa pesa ya mteja, yeye ni wakala, na wakala hana ruhusa ya kujipatia faida kwa siri ya aliyemtuma. Ikiwa amenunua spea kwa mtaji wake, ikawa mali yake, kisha akamuuzia mteja kwa bei waliyoridhiana, hiyo ni biashara ya halali. Achague mlango mmoja na auseme wazi: ama atoze ujira wa kufuata spea, ama aweke akiba ya vitu vinavyotoka kila siku, kama vile oili, plagi, vichujio na breki, na auze kwa bei iliyoandikwa. Njia hizi mbili zina faida, na wala hazihitaji kunong'ona. Mteja anayejua bei hana sababu ya kuja na mtu wa kumchunga fundi.

Mtaji, vijana na zaka

Anayetaka kukua atahitaji mtaji, na wengi wanakimbilia mikopo ya riba inayowamaliza. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wa gereji moja wanaweza kujiunga kikundi na kuomba. Ipo pia Benki ya Amana, iliyoanza kazi mwaka 2011 ikiwa ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu. Katika mauzo ya murabaha, benki ya namna hiyo hununua chombo na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Kokote atakakokwenda, jambo la kwanza kuulizwa ni hesabu.

Vijana waliojifunzia chini ya mti nao wasidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: kijana anapimwa kwa vitendo, akifuzu anapewa cheti. Mwenye gereji anayewapeleka vijana wake huko anainua heshima ya uwanja wake. Na awalipe ujira wao kwa wakati, kama alivyohimiza Mtume (s.a.w.) kuhusu mfanyakazi na jasho lake.

Mwaka wa Kiislamu ukitimia, yako ya zaka. Spana, jeki na mashine havitolewi zaka, kwa kuwa ni zana za kazi. Spea zilizowekwa kwa kuuzwa hukadiriwa kwa bei ya siku hiyo, zikajumlishwa na pesa taslimu. Vikifikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, hutolewa asilimia 2.5. Pesa za spea za wateja hazimo, kwa kuwa si zake. Masuala ya madeni yana ufafanuzi wake, na kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini atahesabu nini yule ambaye hajui lipi lake na lipi la watu?

Nani aandike?

Fundi atasema mikono yake ina oili na hana muda. Basi katika familia yupo anayeweza. Binti aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuhamisha hesabu za siku kila baada ya Isha. Mke anaweza kuwa mtunza daftari la amana, akawa wa kwanza kumwambia mumewe, kwa upole, kwamba pesa hii si yetu. Dakika 20 kwa usiku mmoja zinatosha.

Turudi kwenye ile baraza ya msiba. Mauti ni yale yale, na wanaume watatu wamebaki pale pale. Safari hii mtoto mkubwa anaingia ndani na kutoka na madaftari matatu. Anafungua ukurasa wa gari la kwanza na kusoma vipande vilivyofunguliwa. Anafungua daftari la amana na kumhesabia wa pili pesa zake kutoka katika laini ya simu ya marehemu. Muuza spea anaonyeshwa deni lake, na kiasi kinalingana na chake. Wanamuombea marehemu maghufira, wanavaa viatu, na kila mmoja anakwenda zake.