Mpini, Gunia na Uti wa Mgongo

Kazi ya kwanza katika nyumba nyingi za Tandale na Mbagala, baada ya sala ya alfajiri, ni kufagia uwanja. Na kwa kuwa ufagio wetu wa chelewa hauzidi urefu wa mkono wa mtu, mfagiaji hulazimika kuinama tangu kiunoni, miguu imenyooka, mkono mmoja ameupeleka nyuma mgongoni, mpaka mchanga wote uwe umechorwa mistari. Akitoka hapo huinamia beseni la nguo, kisha jiko la mkaa, kisha ndoo ya maji. Na maumivu ya kiuno yanapomshika husema ni umri, ama ni uzazi, ama ni baridi. Umri una sehemu yake, na uzazi kadhalika. Walakini naamini kwamba sehemu kubwa ya mashaka haya imo katika vyombo tuvitumiavyo na mizigo tuikubaliyo, na mambo hayo mawili tunao uwezo wa kuyageuza.

Mtoto huzaliwa na pingili 33 za uti wa mgongo. Kadiri anavyokua, 9 za chini hushikamana, zikabaki 24 zenye kucheza: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, na 5 za kiuno, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Baina ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu chenye ute mzito katikati, nacho, kwa mtu mzima, hakilishwi na mishipa ya damu yake chenyewe, bali hupata riziki kwa majimaji yapenyayo kutoka katika mfupa ulio jirani, kikikamuliwa na kunywa tena mfano wa sifongo kila mtu anapotembea, kulala na kuamka. Usiku visahani hivi hujaa maji, hata mtu akaamka ni mrefu kuliko alivyolala kwa kadiri ya sentimita 1 au zaidi. Na kwa sababu vimejaa, kuinama sana mara tu baada ya kutoka kitandani huvikaza kuliko saa nyingine za siku. Basi afagiaye alfajiri angefanya vema kutembea huku na huko na kushughulika na kazi za kusimama kwa muda wa nusu saa hivi, kisha ndipo ashike ufagio. Katika miaka ya 1960 tabibu wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima kwa sindano mkazo uliomo ndani ya visahani vya kiuno vya watu walio hai, akaona kuwa aliyeinama mbele hali ameshika mzigo huvikandamiza mno kuliko aliyesimama wima.

Ufagio huo huo ukifungwa kwenye mti ufikao kifuani, mgongo hubaki wima na uwanja hufagika vilevile. Jambo hili si dogo: huko California, Marekani, jembe la mpini mfupi liliwaumiza migongo vibarua wa mashamba kwa miaka mingi, hata likapigwa marufuku mwaka 1975. Beseni la kufulia nalo liwekwe juu ya benchi. Ama ndoo, lita 20 za maji ni kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mwenye kuiinua na aisogelee, achuchumae, aishike karibu na tumbo, ainuke kwa nguvu za mapaja, na akitaka kugeuka ageuze miguu wala asipinde kiuno. Kuibeba kichwani si ujinga: uchunguzi wa Kenya uliotangazwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa wanawake wa Kijaluo waliozoea kazi hiyo waliweza kuchukua kichwani mzigo wa sehemu 1 katika 5 ya uzito wao pasipo kutumia nguvu za ziada. Lakini kwa mama wa kilo 60 hesabu hiyo ni kilo 12 tu, ilhali ndoo iliyojaa pomoni inaipita kwa mbali. Afadhali aende mara mbili.

Nasaha hizi, hata hivyo, hazimfai hamali wa Soko la Tandika aliyetwishwa lumbesa. Gunia la namna hiyo hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa juu kiasi kingine kinachozuiwa kwa kamba, na hapana ustadi wa kuchuchumaa utakaomwokoa aliye chini yake. Sheria yetu ya vipimo haikubali gunia la mazao lipite kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa. Wengi husema hayo ni kwa ajili ya mkulima asipunjwe, nami nasema ni kwa ajili ya hamali pia. Tena hata kilo 100 ni nyingi: Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mzigo abebao mwanamume mzima ushushwe usizidi kilo 55. Mfanyabiashara afungaye viazi vyake katika magunia ya kilo 50 huwafanyia mahamali hisani kubwa kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Dereva wa daladala na fundi cherehani hawabebi kitu, nao huumwa, maana visahani visivyotikiswa havilishwi sawasawa. Khanga iliyokunjwa na kuwekwa nyuma ya kiuno hutosha kuwa egemeo, na kila mwisho wa safari dereva ashuke, atembee. Naye ambaye kiuno kimemkamata asilale siku nyingi akidhani ndiyo dawa. Zamani matabibu waliamuru hivyo, siku hizi wameacha, kwa kuwa wengi hupona mapema zaidi kwa kutembea na kufanya kazi nyepesi.

Yapo maumivu yasiyongojewa. Ganzi ya sehemu za siri, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia haja, ni mambo ya kupelekwa hospitali siku ile ile, Mwananyamala au Temeke, na mwenye kuhitaji upasuaji huweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Maumivu yasiyotulia usiku, pamoja na homa, jasho na kukonda, huenda yakawa kifua kikuu, ambacho hakikai mapafuni tu, bali huingia hata katika pingili na kuzila; na dawa zake katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo.