Kabla ya Kupanga, Jua Unachokithamini

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Toyota ya Japani haikuwa na fedha za kuchezea. Mhandisi wake Taiichi Ohno akauandama upotevu kiwandani, akautaja wa aina saba: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kazi isiyo ya lazima, shehena iliyolundikana, mizunguko ya bure na kasoro.

Fikra hizo zimefika hadi hospitali za Tanzania, ikiwemo ya Rufaa Mbeya, kwa hatua tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kisichotumika kinaondolewa. Kinachobaki kinapewa lebo na mahali pake, ili muuguzi asihangaike kukitafuta huku mgonjwa akisubiri.

Nyumbani inawezekana pia, ila kazi haianzii kabatini. Inaanza na swali: unathamini nini hasa? Anayethamini kula chakula cha jioni na wanawe atatambua upesi ni vikao gani vinavyomlia muda. Asiyejua anachokithamini atavipanga vizuri hata vitu visivyostahili kuwapo, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Chukua karatasi leo, andika mambo matatu unayoyathamini, kisha yalinganishe na ratiba yako ya wiki.