Mvamizi Akikwama, Amani Haiji Yenyewe

Kila taarifa ya habari inaposema majeshi ya Urusi yamekwama huko Ukraine, mjukuu wangu hapa Muscat hunigeukia: "Babu, si basi vita vitakwisha?" Nilifundisha historia miaka mingi, na jibu langu humuudhi. Humwambia kwanza tuitazame Ghuba yetu hii hii, mwaka 1982.

Wazee wenzangu mwakumbuka. Tarehe 22 Septemba 1980 Saddam Hussein aliivamia Iran. Siku chache kabla alikuwa ameufuta mkataba wa Algiers wa 1975, uliogawa mto wa Shatt al-Arab baina ya nchi mbili. Alidhani Iran, iliyokuwa ikiyumba baada ya mapinduzi, itasalimu amri upesi. Wapi! Tarehe 24 Mei 1982 Wairani waliukomboa mji wa Khorramshahr na kuteka maelfu ya askari wa Iraq. Mwezi uliofuata Saddam akatangaza kuondoa majeshi yake.

Hebu tuulize: amani si ilikuwa mlangoni? Ilikuwepo, lakini hakuna aliyeifungulia. Iran ilitaka mvamizi atajwe kuwa ni mvamizi, alipe fidia, na Saddam aondoke madarakani. Mtu ambaye mji wake umekuwa magofu ana haki ya kudai. Lakini Saddam hakuwa wa kukubali kujing'oa mwenyewe. Na Baraza la Usalama lilikwishapoteza imani ya Wairani, maana azimio lake la 1980 lilitaka mapigano yasimame bila kuitaka Iraq iondoke. Julai 1982 Iran ikavuka mpaka kuelekea Basra.

Yaliyofuata ni miaka sita mingine. Silaha za sumu zilitumika, meli za mafuta zikapigwa. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani iliidungua ndege ya abiria ya Iran iliyokuwa ikienda Dubai, watu 290 wakafa. Vita havina macho. Mwezi huo huo Iran ikalikubali azimio nambari 598, na tarehe 20 Agosti mapigano yakasimama. Na mpaka je? Mwaka 1990, alipokwisha kuivamia Kuwait, Saddam aliukubali tena mkataba ule ule alioufuta.

Sasa turudi Ukraine. Urusi ilivamia Februari 2022, ikashindwa kuichukua Kyiv, na Novemba ikauacha mji wa Kherson. Wengi walidhani mwisho umefika. Haukufika. Mvamizi akikwama hupungua nguvu, lakini bado hajapata njia ya kutokea. Naye aliyevamiwa hawezi kuweka silaha chini bila kujua nani atazuia asivamiwe tena kesho.

Hapo ndipo mpatanishi ana kazi. Saudia na Falme za Kiarabu zimesaidia wafungwa wa vita kubadilishwa. Ni jambo dogo, lakini mama aliyerudishiwa mwanawe haliiti dogo.

Kwa hiyo tukisikia mvamizi amekwama, tusiharakie kupiga makofi. Tuulize: nani anazungumza na nani, na nani atakuwa mdhamini? Mjukuu wangu naye aliniuliza lake: "Babu, waliokufa baada ya 1982 walifia nini?" Miaka yote ile ya kufundisha, na sikuwa na la kumjibu.