Manueli ao otomatiki? Mbele ya kulipa motokari ya sport ya okazyo, uliza bwate iliishi maisha gani

Mudogo wangu alichunga makuta yake miaka tatu, kisha akanunua Toyota Altezza. Siku aliingia nayo mu lupango, watoto wa avenue yote walikimbia kuiona. Rangi ya feza, jante kubwa, ndani safi kabisa. Bwate yake ilikuwa otomatiki.

Kisha miezi ine, mangaribi moja ku njia ya Kipushi, alikanyaga gazi, mutere ikapiga kelele, lakini motokari haikuenda. Wiki mbili mbele, garaji moja ya hapa mujini ilikuwa imemubadilishia mafuta ya bwate. Walitia mafuta yenye walikuwa nayo, hapana ile bwate inaomba. Mudogo alilipa mara mbili: kwanza ile mafuta, kisha bwate ingine ya okazyo.

Tangu siku ile, vijana wa avenue wananiuliza: «Yaya, manueli ao otomatiki, gani njo muzuri?» Nilizunguka ku magaraji ya Kenya na Kamalondo, nikakaa na wamekanisie, nikauliza. Jibu yenye nilipata inaweza kusemwa mu maneno kidogo: hapa kwetu, kwa motokari ya sport yenye umri mukubwa, manueli inaogopesha mufuko kidogo kuliko otomatiki. Lakini otomatiki yenye iliishi pole inashinda manueli yenye iliteswa. Kwa hiyo ulizo ya kwanza haiko «bwate gani?» Ni «iliishi na nani, na hapa nani ataitengeneza?»

Zile zenye kutufikia

Motokari mingi ya sport yenye tunaona Lubumbashi inatoka Japani. Inashuka mu bandari ya Dar es Salaam, inavuka mupaka wa Tunduma na Nakonde, inakata Zambia, kisha inaingia kwetu kupitia Kasumbalesa. Njia ni ndefu, na bwate inaanza kutumika mbele wewe uione.

Altezza iliuzwa Japani kuanzia 1998 mpaka 2005. Mu inchi zingine iliitwa Lexus IS. Kuko mbili zenye kujulikana sana. AS200 iko na silinda sita na nguvu ya farasi 160. RS200 iko na silinda ine, na ile ya manueli iko na farasi 210. Zote mbili zilitoka na manueli ya vitesi sita ao na otomatiki. Hata ile ya mwisho kabisa ni ya 2005, kwa hiyo hakuna Altezza yenye haijaona mabwana wengi.

Mark X ni habari ingine. Ilitengenezwa kuanzia 2004 mpaka 2019, na karibu zote ni otomatiki. Manueli ilitiwa tu mu ile yenye kuitwa GRMN, yenye ilitoka kidogo sana: 100 mu 2015 na 350 mu 2019, na ziliuzwa Japani. Kwa hiyo, kama komisioneri anakuambia «patro, niko na Mark X manueli», usifurahi mbio. Karibu hakika mutu alitoa bwate yake ya kwanza na kutia ingine. Uliza nani alifanya ile kazi, na bwate ilitoka ku motokari gani.

Tofauti iko ku mafuta

Mu manueli, kati ya mutere na bwate kuko diski moja ya ambreyaji. Ukiondoa muguu, diski inakamata na nguvu inapita. Diski ikiisha, inabadilishwa. Bwate yenyewe ni meno ya chuma yenye kuogelea mu mafuta.

Mu otomatiki, hakuna ambreyaji ya muguu. Kuko chungu moja ya muviringo yenye kujaa mafuta, na nguvu ya mutere inapita mu ile mafuta. Ndani ya bwate kuko diski mingi nyembamba zenye kukamatishwa na presio ya mafuta. Ile mafuta inapitisha nguvu, inakamatisha vitesi, inalainisha na inapoza. Kwa hiyo mafuta ikiwa mubaya, kila kitu inakuwa mubaya. Toyota za zamani kidogo zinaomba Type T-IV, zile za kisha zinaomba WS. Kila moja inabaki ku bwate yake, usizichanganye. Mafuta ya mutere, hata ya bei kali, haina kazi mule.

Kuko na adui mwingine, na sisi wenyewe njo tunamuingiza: maji ya robine ao ya kisima mu radiateri. Mu motokari mingi ya otomatiki, mafuta ya bwate inapita ndani ya radiateri kusudi ipoe. Ukitia maji ya kawaida miaka na miaka, kutu inakula ndani. Siku moja ukuta mwembamba unatoboka, maji inaingia mu mafuta, na mafuta inakuwa sawa maziwa ya rangi ya pinki. Diski zinaanza kubanduka. Mule hauna tena siku mingi. Mwenye manueli akitoboa radiateri, anapoteza radiateri tu, kama alisimama mbio.

Nani ataitengeneza?

Mu kila komini ya Lubumbashi utapata mekanisie mwenye kushusha bwate ya manueli, kutia diski mupya na kuirudisha. Alijifunza ile kazi ku makamio na ku taksi-bisi. Pyesi zinapatikana, na zile zenye hazipatikane ku Lubumbashi zinapatikana Zambia.

Otomatiki ni tofauti. Wenye kujua kuifungua na kuifunga ni kidogo. Mara mingi, mekanisie hafungui: anatoa bwate yote na kutia ingine yenye ilitoka ku motokari ya kufa. Na ile ingine, haujue nayo iliishi maisha gani. Unalipa tena bila kujua unanunua nini. Papa mumoja, mekanisie wa siku mingi ku Kenya, aliniambia: «Manueli inagonjwaka pole pole, inakupa wakati wa kutafuta makuta. Otomatiki inalalaka muzima, inaamuka mufu.»

Sasa upande mwingine. Mutu mwenye kununua sport ya manueli, mara mingi anainunua kusudi acheze nayo: kuruka ku feu, kushusha vitesi na nguvu, kuzungusha magurudumu mu mavumbi. Ile yote inaandikwa mu bwate. Otomatiki ya muzee mwenye kwenda ku kazi na kurudia inaweza kuwa safi kuliko ile. Na kama wewe ni mutu wa kukaa kila mangaribi mu ambutiyaji ya katikati ya muji, muguu wa kushoto utakuambia otomatiki njo rafiki.

Levye ku mukono wa kushoto

Kuko jambo moja lenye watu wanasahau. Kongo tunatembea kuume, lakini motokari ya Japani iko na volan kuume. Kwa hiyo levye ya vitesi iko ku mukono wako wa kushoto. Kama ulijifunza ku motokari ya volan ya kushoto, mukono wako wa kuume njo unajua ile kazi. Pedale hazibadiliki: ambreyaji inabaki kushoto, freni katikati, gazi kuume. Lakini mukono unapaswa kujifunza tena. Siku za kwanza, utatafuta ya tatu na kukamata ya tano. Fanya mazoezi siku ya yenga, asubui, fasi hakuna watu.

Neno la hatari zaidi ni kuvuka makamio. Mutu mwenye kwenda Likasi ao Kasumbalesa anajua: makamio ya shaba na ya kobalti inafuatana sawa treni. Na volan ya kuume, wewe unakaa upande wa mufereji. Kusudi uone mbele ya kamio, unapaswa kutosha nusu ya motokari mu njia ya wenye kukuja. Pale, vitesi njo inaamua.

Na manueli, unatia ya tatu ao ya ine ukiwa ungali nyuma ya kamio, kisha unatoka: nguvu iko tayari. Na otomatiki, unakanyaga gazi mpaka chini, na bwate yenyewe inashuka vitesi moja ao mbili. Yenye afya inafanya ile mbio. Yenye kuchoka inafikiri kwanza. Inafikiri wakati wewe uko nusu inje, na taa za kamio ingine zinakukaribia. Bwate yenye kusita haiko tu hasara ya makuta. Usiende nayo ku njia kubwa hata siku moja. Na bwate ikiwa nani, acha sana mpana kati yako na kamio, na mwenye kukaa kushoto akusaidie kuangalia. Lakini kuamua ni kwako.

Mbele ya kulipa, pima hivi

Kwa zote mbili, fika asubui, na uombe mutere ikuwe baridi. Gusa kapo. Kama inachoma, mutu aliishaipasha moto kusudi ugonjwa ujifiche. Ngoja ipoe, ao rudia kesho.

Kwa manueli:

1. Washa, weka ku pwemo, kanyaga ambreyaji. Kama kelele inatokea ukikanyaga na inapotea ukiachilia, rulema ya ambreyaji inaisha.
2. Tembea pole ku vitesi ya ine, kisha kanyaga gazi mpaka chini. Kama mutere inapanda lakini mwendo haupande, diski imeisha. Ile haikatazi kununua, lakini shusha bei.
3. Panda na shuka vitesi zote, zaidi sana kutoka ya tatu kurudia ya pili. Kama inalia «kraa», meno ya ndani yalikuliwa. Hapa ni bwate yenyewe.
4. Ukiwa unatembea, kanyaga gazi kisha iachilie mara moja. Kama levye inaruka yenyewe mpaka ku pwemo, acha ile motokari.

Kwa otomatiki:

1. Kama kuko kijiti cha kupimia mafuta ya bwate, kitoshe, pangusa na karatasi nyeupe. Nyekundu safi ni muzuri. Kahawia yenye kunuka kuungua ni mubaya. Pinki ya maziwa: aga na uende. Mark X haina kile kijiti, inapaswa kupandishwa ku garaji.
2. Kumbuka kama mafuta mupya inaweza kutiwa jana kusudi ikudanganye. Rangi muzuri peke yake haitoshi.
3. Muguu ku freni, toa ku P weka ku R, kisha ku D. Inapaswa kukamata mu sekonde moja ao mbili, bila kukupiga mugongo.
4. Tembea pole sana, na uhesabu kila vitesi yenye kuingia. Kisha kanyaga gazi na nguvu. Mutere ikipanda bila mwendo, diski za ndani zinateleza.
5. Tafuta fasi ya kupanda, na urudi nyuma nayo. Bwate yenye kuchoka mara mingi inashindwa pale kwanza.
6. Fungua radiateri ikiwa baridi. Kama ndani kuko mafuta ya kuelea ao kutu mingi, unaishajua ugonjwa wa kesho.

Fanya ile yote na mekanisie wako, hapana wa muuzaji. Mulipe saa yake mbili. Ni makuta kidogo sana mbele ya bwate.

Ikikuachia mu njia

Batri ikikufa, manueli inasukumwa na watoto wa avenue: ya pili, achilia ambreyaji, inawaka. Otomatiki hauwezi kuiwasha na kusukuma, sababu pompi ya mafuta yake inazungushwa na mutere tu. Kwa sababu ile ile, usiikokote na kamba kutoka Likasi mpaka huku. Magurudumu ya nyuma ya Altezza inazungusha bwate, lakini mutere ikiwa imezimika, mafuta haipite, na bwate inaungua mu kamba. Ipandishe ku kamio, ao uinue magurudumu ya nyuma.

Basi, uchague gani?

Kama unapenda kuendesha, kama unaenda mara mingi ku njia kubwa, na kama makuta ya kutengeneza haiko mingi, tafuta manueli yenye haikuchezewa. Kama uko zaidi mu muji, na uko na mekanisie mwenye kujua otomatiki, kamata otomatiki yenye mafuta safi, na tangu siku ya kwanza itie mafuta yenye inaomba. Kama haupati moja ya zile mbili, chunga makuta yako ungali unatafuta.

Mudogo wangu angali na Altezza yake. Sasa, mu kofere, kuko bido moja ya T-IV na kaye kidogo. Mule anaandika siku na kilometa kila mara mafuta inabadilishwa, na anasimama pale mekanisie anaimwanga, mpaka kijiko ya mwisho. Siku atauza, mununuaji atapata kitu chenye yeye hakupata: historia ya bwate.