ABIRIA MWENZAKO NI JIRANI YAKO

Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, makao makuu yake yamekuwa Bariadi. Kila siku watu kutoka Busega, Itilima, Maswa na Meatu hupanda mabasi na Hiace kwenda huko hospitali, mnadani au kwenye ofisi za Serikali. Ndani ya gari, watu wasiojuana hukaa bega kwa bega.

Mila zetu za safari ni nzuri. Anayepanda asubuhi husalimia "Mwangaluka!" na walioketi huitikia. Mama aliyesimama hupokelewa mtoto akapakatwa. Nauli hupita mkono kwa mkono mpaka kwa konda, na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, wapo abiria ambao wema huu mara nyingine huwapita.

Wa kwanza ni bibi mwenye macho mekundu. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho hayo. Mara nyingi wekundu huo hutokana na moshi, baada ya miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha.

Wa pili ni mtu mwenye ualbino. Hali hiyo hurithiwa kwa baba na mama, haiambukizi, wala viungo vyake havileti utajiri. Imani hiyo potofu imeua watu wengi, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Ubaya huanza na mambo madogo: kuhama siti, kunong'ona, kumwita mtu "dili". Anayeitwa hivyo amekwisha kugeuzwa bidhaa.

Ndugu msomaji, tufanye nini?

1. Tumpishe bibi siti na kumshushia mzigo wake.
2. Mwenye ualbino tumwachie upande wa kivuli, kwani jua humuunguza. Tumsomee kibao cha gari, maana wengi wao huona mbali kwa shida.
3. Tukisikia mtu akieleza kwa simu abiria huyo anashukia wapi, tumjulishe konda na polisi.

Msamaria mwema wa Luka sura ya 10 naye alikuwa safarini, na aliyemsaidia hakuwa akimfahamu. Tusafiri kwa moyo huo. Mungu awabariki.